Tochi ya mfukoni ya betri za kawaida: AAA moja, AA moja, AA mbili au ile ya kuvuta kichwa?

Kama kwako kuna LUKU na mita iko nje ukutani basi hii hali unaijua. Saa tatu usiku uniti zimeisha, nyumba nzima giza, unanunua umeme kwa simu, meseji inakuja na tokeni ya namba 20, sasa unatakiwa usome namba kwenye simu huku unabonyeza kwenye mita, na simu hiyo hiyo ndio ulikuwa unaitegemea ikumulikie. Ukiielekeza kwenye mita husomi meseji, ukigeuza usome meseji vibonyezo huvioni, unaishia kukariri namba nne nne kama mtoto wa darasa la pili, ukikosea moja unaanza upya. Mimi nimefanya huo mchezo miaka, mpaka usiku mmoja mzee jirani yangu akatoka na kitochi kidogo kama kidole, akakiuma kwa meno, mikono yote miwili iko huru, akaingiza tokeni yake akarudi ndani kulala na mimi bado niko namba ya nane. Kesho yake nikamwamkia, shikamoo mzee, hicho kidude umekipata wapi, akacheka tu akasema mjukuu kamletea.

Toka hapo natembea na tochi, na nimepitia nyingi kuliko mtu mwenye akili timamu anavyotakiwa kupitia. Najua kuna atakayesema simu ina tochi bana. Ni kweli, na sisi ndio tuliozibatiza simu ndogo jina la vitochi tangu Nokia 1100 ya mwaka 2003 ilipokuja na taa yake kichwani, Wakenya wakasema mulika mwizi, jina tamu kuliko letu. Ila simu ya sahivi ndio pochi yako, ndio benki, ndio picha za watoto, unaenda nayo choo cha nje usiku unachuchumaa nayo mkononi juu ya shimo, mimi hapana. Tochi ikitumbukia roho inauma dakika mbili yanaisha.

Hapa naongelea tochi za mfukoni zinazokula betri unayoweza kuitoa ukaweka nyingine, zile za AA na AAA. Za kuchaji kwa waya zenye betri yake ndani nimeziacha makusudi, sio kwamba mbaya, nyingi zinawaka kuliko hizi, ila umeme ukikatika siku mbili nayo imekufa huna cha kuifanya, na betri ya ndani ikichoka baada ya miaka kadhaa tochi nzima inaenda jalalani.

Kabla ya tochi, vigezo

Cha kwanza na kikubwa kuliko vyote ni betri. Nenda dukani kwa Mangi sahivi ukamwambie nataka betri ndogo, atakuuliza za rimoti au za saa. Za rimoti ni AAA, za saa ya ukutani ni AA, umeshajua saizi. Sasa geuza betri usome vile viherufi ambavyo hakuna mtu anasoma. R6 ni AA ya zinki-kaboni, LR6 ni AA ya alkalini, hiyo L mbele ndio unayoilipia hela. Kwa AAA ni R03 na LR03. Ukikuta HR6 hiyo ni ya kuchaji, NiMH, na FR6 ni litiamu ya kutumia mara moja. Yale maandishi makubwa ya nje yasikuzuge, Super sijui Extra, na hata ikiandikwa Heavy Duty mara nyingi ni zinki-kaboni hiyo hiyo.

Tofauti yake kwenye tochi ni hii. Zinki-kaboni imezoea saa ya ukutani inayonyonya kidogo kidogo, ukiiweka kwenye tochi kali inawaka vizuri dakika chache alafu inaanza kuzimia kama mtu aliyekimbia na tumbo limejaa ugali. Alkalini ina akiba nzuri, AA moja inabeba miliampia-saa (mAh, kipimo cha akiba ya betri) 2000 na zaidi ukiitumia taratibu, ila nayo ukiikamua sana inashuka haraka. NiMH ina volti 1.2 tu badala ya 1.5, watu wanaona ni dhaifu, kumbe kwenye mwanga mkali ndio inayovumilia maana haigomi ikikamuliwa, na unaichaji mamia ya mara. Zamani kasoro yake ilikuwa inajimaliza yenyewe ikikaa kabatini, mpaka Sanyo walipoleta Eneloop mwaka 2005, sahivi ziko chini ya Panasonic, hizo na za aina yake unaziacha miezi unakuta chaji bado ipo.

Alafu kuna kuvuja. Alkalini na zinki-kaboni zikiisha zikasahaulika ndani zinatoa maji. Mimi niliacha tochi yangu nzuri tu kwenye droo masika yote, kuja kuifungua unga mweupe umejaa kwenye springi na betri imeganda ndani haitoki kwa kupiga wala kwa kubembeleza. Ukiwahi mapema ya alkalini unaweza kusafisha kwa siki au ndimu kidogo kwenye kitambaa, ukichelewa ni ya kutupa. NiMH huo ugonjwa ni nadra sana kwake, na ile FR6 pia, tena yenyewe ni nyepesi, gramu 15 hivi wakati AA ya alkalini ni kama 23, shida bei na kuipata mtaani.

Kigezo cha pili ambacho watu wanakiruka ni mwanga wa chini, sio wa juu. Kila mtu anauliza ina lumeni ngapi, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, hakuna anayeuliza inashuka mpaka ngapi. Kusoma tokeni, kwenda chooni, kutafuta panado mtoto akiwa amelala ndani ya neti, vyote hivyo lumeni 5 zinatosha na kubaki. Ukiwasha 200 kwenye chumba chenye ukuta mweupe umejipofua mwenyewe na mtoto umemwamsha. Jicho pia halihesabu kama karatasi, ili uone mwanga umekuwa mara mbili inabidi lumeni ziongezeke kama mara nne, kwahiyo kati ya 150 na 200 ukiziweka ukutani utakisia tu.

Za kwenye boksi zisome kwa akili. Kuna kipimo kinaitwa ANSI FL1, kampuni zenye heshima zinakitumia. Pale wanapoandika saa kadhaa maana yake ni mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya ulivyoanza, sio kwamba inawaka vile vile muda wote. Na wanapoandika mita kadhaa maana yake mpaka mwanga unafika robo ya laksi, yaani kama mbalamwezi kamili, hapo unaona kuna kitu lakini hujui ni mbuzi au mbwa. Mimi nagawa kwa mbili ndio napata umbali wa kutambua kitu. Tochi isiyo na hicho kipimo ikakuandikia lumeni laki moja na inakula betri moja ya saa ya ukutani, cheka urudishe.

Mengine yanaenda haraka: ukubwa na uzito, maana tochi nzito utaiacha nyumbani. Maji, ambapo IPX4 ni manyunyu ya mvua, IPX7 ni kuzama mita moja nusu saa, IPX8 ni zaidi ya hapo. Swichi, ya kubonyeza nyuma au ya kuzungusha kichwa. Na bei, ila bei uhesabu na betri za mwaka mzima maana tochi rahisi inayokula betri mbili kila wiki sio rahisi hiyo.

Kitochi cha AAA moja

Hichi ndio cha mzee wangu wa LUKU.

Betri: ya rimoti. Faida yake ni kwamba nyumba yoyote yenye TV ina akiba, ukikwama unaiba ya rimoti na lawama unawapa watoto. Hasara, AAA ina akiba chini ya nusu ya AA, ya kuchaji inabeba 800 hivi. Kwahiyo hapa mwanga mkali ni wa kuonja.

Mwanga: mfano Olight i3T EOS inatoa 180 juu na 5 chini, hiyo ya chini kiwanda kinasema saa 16 kwa betri moja. Fenix E01 V2 inaishia 100 na ina ya chini na ya kati. Ya juu kwenye hivi vitochi usiitegemee kutembelea njia nzima, baada ya dakika kadhaa inateremka, ni ya kumulika kitu ukaona ukazima.

Kubeba: hapa hakuna wa kushindana nao. Hiyo i3T ni gramu 39 na betri ndani, urefu sentimita 9 kasoro. Unaning'iniza kwenye funguo au unabana klipu mfuko wa shati unasahau kama ipo. Na ndio saizi pekee unayoweza kuiuma bila kuonekana mbwa kabeba mfupa (vaa kampira au funga kitambaa, alumini kwenye meno inasisimua vibaya).

Uimara na swichi: vya chapa vinakuwa na oringi, kile kipete cha mpira cha kuzuia maji, na vinavumilia maji vizuri. Vya kuzungusha kichwa vina sehemu chache za kuharibika ila vinataka mikono miwili, ukiwa umebeba ndoo utajuta. Vya kubonyeza nyuma ni rahisi zaidi ila mfukoni vinaweza kujiwasha, unagundua paja limepata joto.

Bei: vya chapa ukiagiza ni kama dola 20 hivi kushuka, vipo vya mtaani vya chini ya hapo sana, ila vingi vya mtaani vina mwanga mmoja tu basi.

Kinamfaa nani: mtu wa mjini, ofisini, mama mwenye mkoba tayari umejaa, mtu anayetaka tochi iwepo mwilini siku 365 hata kama haiwaki sana. Asichukue: anayetembea giza la kweli kila usiku.

AA moja

Hapa ndio pana maneno mengi.

Betri: AA ipo kila mahali, duka la kijijini lisilo na mkate lina AA. Na zina bei nafuu hata kuliko AAA ukihesabu unachopata ndani, maana unalipa karibu sawa unapata zaidi ya mara mbili. Kuna ufundi hapo ndani pia, taa ya LED nyeupe inataka kama volti 3 kuwaka na betri yako ina 1.5, kwahiyo ndani kuna kisaketi cha kupandisha volti. Saketi nzuri inanyonya betri mpaka tone la mwisho, hata ile iliyokataliwa na saa ya ukutani. Saketi mbaya inazima mapema unatupa betri ambayo bado nzima. Hii kwenye boksi haiandikwi, unaijua kwa kutumia, ndio maana kwenye AA moja mimi nasema afadhali uongeze hela kidogo upate ya jina linalojulikana.

Sasa kuna hii kitu inaitwa 14500. Ni betri ya litiamu ya kuchaji, milimita 14 kwa 50, yaani umbo ni AA kabisa, ila ina volti 3.7. Baadhi ya tochi za AA zinaikubali na zikiwekewa zinakuwa mnyama mwingine. Sofirn SP10 Pro kwa mfano inakula zote mbili, na kwa 14500 kiwanda wanaandika mpaka lumeni 900, kwa AA ya kawaida ni pungufu sana. Inavutia, ila sikiliza. Moja, tochi ambayo haijaandikwa inakubali 14500 usiijaribu, utachoma saketi kwa sekunde. Mbili, usizichanganye droo moja na AA za kawaida, siku mtu akaja kuchukua betri ya saa ya ukutani akaweka hiyo, saa kwaheri. Tatu, chaja yake ni tofauti na ya NiMH. Kwangu mimi uzuri wa tochi ya aina hii ni kwamba unaishi na 14500 siku za kawaida na ukiwa safarini imeisha unaingia duka lolote unaweka AA safari inaendelea.

Mwanga: Olight i5T EOS 300 juu na 15 chini, Fenix E12 V2 inafika 160. Angalia hiyo 15 lakini, kwa tochi kubwa ya familia moja na ile i3T ya 5, ya chini imepanda. Kwa chumba chenye mtu amelala 15 ni nyingi kidogo. SP10 Pro yenyewe inashuka mpaka mwanga wa kimulimuli, unaweza kuiacha inawaka usiku kucha kama taa ya mtoto.

Kubeba: unene wa kidole gumba, urefu kama sigara au zaidi kidogo, mfuko wa jinzi inakaa bila kugombana na funguo. Kwenye suruali ya kitambaa itaonekana.

Uimara na swichi: nyingi zenye jina ni IPX8. Swichi hapa zinatofautiana mbaya, i5T unabonyeza nyuma basi hata bibi anaiweza, SP10 Pro ina programu inaitwa Anduril ambayo bonyeza mbili ni hivi, bonyeza tatu ni vile, bonyeza ushikilie ni kitu kingine, wapenda tochi wanaiabudu, mke wangu aliishika mara moja ikaanza kumeta meta akaniambia toa hii kitu yako.

Bei: ziko dola 20 mpaka 30 hivi kwa hizi nilizozitaja, inategemea na usafiri. Ongeza chaja na NiMH nne kama huna, ndio gharama halisi.

Inamfaa nani: mtu anayetaka tochi moja tu ifanye karibu kila kitu, msafiri, fundi, bodaboda anayekatikiwa cheni saa mbili usiku. Haimfai sana anayetaka wepesi wa kusahaulika, wala anayetaka mwanga wa juu udumu, maana betri moja ni moja tu.

AA mbili

Tochi ya AA mbili ndio baba wa wote hawa. Mini Maglite ilitoka Marekani mwaka 1984, kampuni ya Tony Maglica wa California, mwili wa alumini, unazungusha kichwa inawaka, unaendelea kuzungusha unakusanya au kutawanya mwanga, ukikitoa kichwa chote inasimama kama mshumaa, na balbu ya akiba imefichwa kwenye kizibo cha nyuma. Ile ya balbu ilikuwa na lumeni 14 hivi, leo kitochi cha funguo kinaicheka, lakini watu wametembelea nayo miaka. Sahivi zipo za LED zinazopita 200, umbo ni lile lile.

Betri: mbili zikifuatana zinatoa volti 3, kwahiyo saketi haiteseki na muda wa kuwaka unakuwa mrefu kwa mwanga ule ule. Ila sheria ni moja, betri zote mbili ziwe za aina moja na zimeanza kazi siku moja. Ukichanganya mpya na ya zamani ile iliyochoka inalazimishwa kinyumenyume, ndio inavuja, ndio unarudi kwenye ule unga mweupe wangu. Na kwenye bomba refu jembamba betri ikivimba katikati kuitoa ni kazi ya nusu siku.

Mwanga: unadumu, hiyo ndio hoja yake. Sio mkali kuliko AA moja nzuri lazima, ila unakaa juu muda mrefu zaidi.

Kubeba: hapa ndio watu wanatengana nayo. Mini Maglite ya LED ni kama sentimita 17, mfuko wa suruali inakuchoma ukikaa kwenye daladala. Inataka mkanda, begi, au mfuko wa koti. Kuna ndugu zake wembamba wa AAA mbili wenye umbo la kalamu, hao wanakaa mfuko wa shati vizuri, manesi na madaktari wanawapenda kwa kuangalia koo na mboni, ila kwa kazi hiyo chukua yenye mwanga hafifu, ukimpiga mgonjwa lumeni 200 za jicho hujamsaidia.

Uimara na swichi: ngumu, zinadondoka kwenye sakafu zinaacha alama kwenye sakafu. Ya kuzungusha inataka mikono miwili, ya kubonyeza moja.

Bei: kati, na za mtaani zipo nyingi tu.

Inamfaa nani: mlinzi, mtu wa gari anayeiweka kwenye dashibodi, fundi umeme, mwalimu wa bwenini anayezunguka usiku. Kwa umbo lile refu hata kushika mkononi muda mrefu ni raha kuliko kitu kidogo kinachoteleza.

Ile ya kuvuta kichwa

Unaijua hata kama hujui jina. Nyeusi, fupi, kichwa kina lenzi nene kama jicho la samaki, unavuta mbele mwanga unakuwa kitone, unasukuma nyuma unatawanyika. Iko Kariakoo kote, iko kwenye meza za wamachinga, asili ya umbo ni ile SK68 ya China ambayo imeigwa mpaka hata wanaoiga wameigwa. Nimeidharau muda mrefu na naomba radhi kidogo.

Betri: AA moja, na nyingi zinawaka na 14500 pia, ila zikiwekewa 14500 zinapata moto mwili mzima, usiiache inawaka mkononi kwa mtoto. Na ukiuziwa betri ya litiamu iliyoandikwa mAh 9900 ujue unasomewa hadithi, hata ile kubwa ya 18650 zilizo halisi ni kama 3500, sembuse hii ndogo.

Mwanga: ukivuta inafika mbali kuliko AA moja nyingi za chapa, hilo tuwape. Kitone chake ni cha mraba, ni picha ya LED yenyewe unaiona ukutani. Hasara ni kwamba nje ya kitone ni giza totoro, unaona paa la jirani lakini shimo lililo mguuni hulioni. Ukisukuma nyuma inakuwa sawa.

Kubeba: ndogo, ina klipu, haina neno.

Uimara na swichi: kichwa kinachoteleza hakiwezi kuzuia maji wala vumbi vizuri, mvua ya Machi itaingia. Na zile hatua zake, kali, hafifu, kumeta meta, kila ukitaka kuzima inapita kwanza kwenye kumeta meta, unakutana na wazee njiani unawamulikia disko. Bahati nayo ipo, nina moja ina miaka mingi inawaka, na nimenunua tatu siku moja mbili hazikumaliza mwezi.

Bei: ndio mfalme hapa, hela ya chipsi na soda unaondoka nayo.

Inamfaa nani: anayepoteza vitu, anayetaka nne kwa mpigo, moja jikoni moja bafuni moja kwenye boda moja kwa mtoto wa shule. Asiyefaa ni yule ambaye ikizima porini amekwisha.

Na yale mawe makubwa je, D, tochi ya bati ya babu? Betri zake zina akiba ambayo hizi zote zikiungana hazifiki, mAh elfu kumi na zaidi kwa alkalini, na wengi wetu tumekulia na National zilizotengenezwa hapa hapa Dar. Ila hiyo sio ya mfukoni, ukiiweka mfukoni suruali inashuka. Iache mlangoni.

Sasa wewe unaangukia wapi

Unaishi mjini, giza lako ni la umeme kukatika, ngazi za ghorofa na LUKU: AAA moja kwenye funguo, NiMH mbili na moja iko kwenye chaja muda wote. Hutaihitaji ya mita mia.

Unatoka kazini usiku na njia ni ya majani, nyoka wapo: AA moja yenye mwanga wa kutawanyika, umulike miguuni sio mbali. Kifutu hakimbii akisikia unakuja, analala pale pale njiani, kwahiyo hapo ile ya kuvuta kichwa itumie ikiwa imesukumwa nyuma au usiitumie.

Unalinda, unazunguka eneo saa nne tano mfululizo: AA mbili kiunoni, na ile ya kuvuta kama ya pili ya kufikia ukutani mbali. Hapa tochi mbili za bei ndogo zinamzidi mtu mwenye moja ya bei kubwa, maana betri ikiisha hubadilishi gizani kwa kupapasa.

Uko kijijini, hakuna chaja, umeme wa sola unatosha simu tu: tochi ya AA iliyo na saketi nzuri na mwanga wa chini, na alkalini, LR6, sio R6. Utaumia siku ya kununua, hutaumia mwezi mzima. Kama duka lina R6 tu basi kaa kwenye mwanga wa chini nazo zitakwenda vizuri, kukamuliwa ndio hazitaki. Na ukijua huitumii wiki kadhaa toa betri uweke pembeni.

Mtu wa begi, safari za mabasi, leo Tunduma kesho Kigoma: ile inayokubali AA na 14500, kama una subira ya kujifunza vibonyezo vyake. Kama huna subira chukua ya kubonyeza tu ya AA, usijidanganye utasoma maelekezo.

Mtoto wa bweni: ya kuvuta kichwa, mbili. Moja itaibiwa.

Una mtoto mchanga ndani: usiangalie kitu kingine chochote, uliza inashuka mpaka lumeni ngapi, ikizidi 5 rudisha, na hatua ya kwanza ikiwashwa iwe ya chini, sio ianze kali ndio ishuke.

Na kama hujawahi kuwa na tochi yoyote na hela ni ya moja tu, usiende dukani leo. Fungua rimoti, teremsha saa ya ukutani, angalia na redio ya mzee, uone nyumba yako tayari inakula betri saizi gani na kama kuna chaja imelala kwenye droo, alafu ununue tochi inayokula hizo hizo.